NYUMBA JUU YA MWAMBA

Masomo: Mathayo 7:24-27, Luka 13:4-5



Sisi wa Ndosho tukisoma habari za mtu aliyejenga juu ya mwamba, tunatabasamu. Sote tumejenga juu ya mwamba! Chini ya nyumba zetu za mbao ni mawe ya volkano. Hata kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na jasho. Je, sisi ndio wenye akili aliowasifu Yesu?

Tukumbuke mwezi wa tano 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua kali iliua watu zaidi ya 130 huko Rwanda, hata Rubavu, jirani yetu, mahali watu wanapoenda kupumzika kando ya ziwa. Alhamisi tarehe 4 ikawa zamu ya Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mito ilishuka milimani na mawe na matope, ikafunika Nyamukubi na Bushushu. Walikufa zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena.

Wengine kati yetu tulisema: "Ni dhambi zao." Tulikosa. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu alikataa kuwaita wabaya kuliko wengine. Aliwageukia walio hai, akawaambia watubu.

Tutubu nini? Dunia inazidi joto, na hewa ya joto inabeba maji mengi, ndiyo maana mvua kubwa zinaongezeka nguvu. Moshi mwingi ni wa nchi tajiri. Tuseme ukweli huo bila woga. Lakini mlima uliokatwa miti haushiki udongo. Makala ya jikoni mwetu yanatoka wapi? Na mtaro tulioujaza takataka, maji yakaingia kwa mjane, ni nani aliyeyatuma kwake?

Wapendwa, mvua ilipiga nyumba zote mbili. Yesu hakuahidi kwamba haitanyesha. Mwamba wake si jiwe lililo chini ya miguu; ni kusikia neno na kulitenda.

Basi, Jumamosi tuje na majembe, tuanzie mtaro wa mjane. Kila jamaa ipande mti na kuutunza. Mwenye ndugu anayekaa njiani mwa maji, amtafutie nafasi kwake. Na ngurumo zikilia usiku, tuamshe kwanza jirani, ndipo tupige magoti pamoja naye.

Amina.