Kiungo Kilichofunikwa

Kasoro iliyofichwa, ambayo haijamdhuru mtu yeyote, je, ni uongo? Swali hili nimelibeba miaka mingi, na lilianzia kwenye upinde.

Mwaka 1983 nilikuwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya ualimu wa ufundi. Jioni nilikuwa nikienda kwenye karakana ya mzee mmoja aliyetengeneza pinde ndefu za mtindo wa kale kwa mti uitwao yuu. Mti huo ni adimu kuupata umenyooka, bila fundo, kwa urefu wa mtu mzima. Basi fundi huchukua vipande viwili vifupi, vilivyopasuliwa ubavu kwa ubavu katika gogo moja, akaviunga pale pa kushikia, ambapo upinde haujikunji sana. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hawana haja ya hayo. Upinde wao ni mti mmoja, na chochote ulicho nacho kinaonekana.

Kuunga huko si kubandika ncha kwa ncha. Gundi haishiki vizuri kwenye ncha za nyuzi za mbao; hushika ubavuni mwake. Ndiyo maana ncha moja hukatwa meno mfano wa herufi W, yenye urefu wa sentimeta 10 hivi, na ya pili hukatwa meno ya kuingia humo. Unakata kwa msumeno mwembamba, ukiuacha mstari salama. Unapaka masizi upande mmoja, unavisukuma pamoja, unachomoa. Palipochafuka ndipo palipoinuka. Unapakwangua kwa patasi, kisha unaanza upya. Mzee yule aliweza kurudia mara ishirini bila kusema neno. (Sisi walimu tunahubiri subira, lakini wengi wetu hatujapata kuiona ikifanya kazi.)

Mimi nilirudia mara sita. Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa imekaribia. Kwenye shina la meno palibaki upenyo ambao ukucha uliingia. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikaziba, nikazungushia uzi, nikavalisha ngozi. Ukapendeza kweli.

Utaniambia, msomaji, kwamba maseremala wote huziba. Ni kweli, na fremu ya dirisha iliyozibwa haina ubaya, kwa sababu haivutwi na mtu. Kiungo cha upinde kinafanya kazi kila mshale unapotoka. Tena gundi yangu ilikuwa ile ya kupika kwa ngozi za wanyama, ambayo hutaka mbao iguse mbao. Gundi za epoksi hustahimili upenyo mdogo. Ile haistahimili, nami nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

Upinde ukatundikwa ofisini kwangu chuoni. Kila mwaka niliwaonyesha wanachuo, nikiwaeleza habari za kazi isiyo na haraka. Mwaka mmoja kijana wa mwaka wa pili akasimama.

"Mwalimu, naomba tufungue ngozi tukione kiungo chenyewe."

Nikamjibu kwamba ngozi ile ikifunguliwa haitarudi sawasawa.

"Samahani, Mwalimu," akasema, akaketi.

Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba hakuna aliyeumia, upinde haukuvunjika. Lakini kijana yule aliomba kitu kilekile nilicholipwa mshahara kukifundisha, na kiungo kibaya kingemfunza zaidi kuliko kizuri. Badala yake nilimfanya aombe radhi kwa swali la haki. Kuna jingine pia, nalo linanisuta zaidi. Katika miaka yote hiyo sikuuvuta upinde ule kupita nusu, wala sikumruhusu mtu auvute. Mdomo ulisema kasoro ile haina madhara, mkono haukusadiki.

Majuzi kijana yule alinitembelea, sasa ana mvi naye ni mkuu wa shule. Nikauteremsha upinde, nikampa kisu. Alikata uzi taratibu, akauona mstari wa gundi nene, akapitisha ukucha.

"Mzee, mbona haukuvunjika?"

"Sijapata kuuvuta mpaka mwisho hata siku moja."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaomba auchukue kwa wanafunzi wake, vivyo hivyo, bila ngozi. Nikampa.