Tutembee, hata kama mwiba ungali mwilini

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, 2 Wakorintho 12:7-10, Luka 24:13-35

 Neno hili ni kwenu ninyi mnaoishi na ugonjwa usiotoka: ugonjwa wa sukari, tansio, maumivu ya magoti. Leo tunapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo waganga wa hospitali wanawaagiza kila mara, nanyi mnalianza kwa furaha na kuliacha upesi: kutembea kwa miguu.

Sisi mashemasi tunaotembelea wagonjwa nyumbani mwao tunasikia maneno matatu. Wa kwanza anasema: «Nimekwisha kuombewa, nikitembea kwa ajili ya dawa nitaonyesha kwamba sina imani.» Wa pili anasema: «Nilitembea majuma mawili, sikuona kitu.» Wa tatu anasema: «Watu wananicheka. Mtu mzima anazunguka mtaa bila kwenda sokoni wala kazini, wanadhani amepotewa na akili.» Tuwajibu wote watatu.

1. Malaika hakumbeba Eliya

Eliya alichoka hata akajilaza chini ya mretemu akaomba kufa. Mungu alikuwa na uwezo wa kumchukua kwa upepo, kama alivyomchukua baadaye. Lakini siku ile alimpelekea malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, maana mara moja haikutosha. Ndipo nabii akasimama, akatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu.

Tazameni: mkate ulitoka kwa Mungu, lakini miguu ilikuwa ya Eliya. Maombi, dawa na chakula kizuri ndivyo mkate wetu. Anayekula mkate na kubaki chini ya mti hafiki Horebu.

Mtume Paulo naye aliomba mara tatu ili mwiba utoke mwilini mwake. Haukutoka. Alipewa neema ya kuishi nao, na hakukaa nyumbani kungoja utoke. Aliendelea na safari zake. Basi mgonjwa anayetembea hakosi imani. Anaitumia. Na aliyeombewa asitupe vidonge vyake wala asiache insulini yake. Tumezika watu kwa sababu ya kosa hilo, na machozi yake hayajakauka.

2. Kutembea ni kama mana

Wewe uliyetembea majuma mawili, sikiliza. Misuli ya miguu inapofanya kazi, inavuta sukari kutoka katika damu na kuichoma kama kuni. Ukirudi kuketi, kazi hiyo inaendelea bado kwa saa nyingi. Lakini ikipita siku moja au mbili, inakwisha. Tansio vilevile: baada ya kutembea mishipa ya damu inalegea na moyo unapumua, kisha mambo yanarudi polepole kama yalivyokuwa. Kumbukeni mana jangwani. Aliyeiweka mpaka asubuhi aliikuta imeoza. Kila mtu aliokota ya siku yake. Hivyo matembezi ya juma lililopita hayawezi kukulisha leo. Usipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea.

Kipimo ni kipi? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri, hata kwa watu wenye sukari na tansio: dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kufikia 150. Asiyeweza aanze na dakika tano au kumi, aongeze kidogo kidogo. Mwendo mzuri ni ule ambao unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba wimbo.

Tuwe na akili pia. Kwanza umwulize munganga wako. Mwenye sukari asitembee miguu mitupu wala na kandambili. Avae viatu vilivyofungwa, akung'ute ndani kabla ya kuvaa, na kila jioni atazame nyayo zake. Tulimtembelea baba mmoja aliyekatwa mguu: jiwe dogo lilikaa ndani ya kiatu, naye hakusikia uchungu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua mishipa ya fahamu. Anayetumia insulini abebe vipande vya sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, asimame na kula. Kifua kikibana, usijikaze. Simama, uende hospitali. Mvua ikinyesha, zunguka ndani ya uwanja wa kanisa au chini ya baraza. Mvua si ruhusa ya kulala kutoka Novemba mpaka Machi.

3. Asitembee peke yake

Sasa neno kwa ninyi wazima mnaocheka. Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake, watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda N'kamba kwa miguu, na wagonjwa wao wakibebwa. Leo mtoto wa watu hao anamcheka mgonjwa anayetembea? Naye Papa alifungwa hapa kwetu Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Uaminifu wa miaka 30 haukufanywa kwa siku moja kubwa. Ulikuwa siku moja, na nyingine, na nyingine.

Wale wanafunzi wawili wa Emau walikuwa na huzuni, lakini walikuwa wawili, nao walikuwa njiani. Hapo Bwana aliwakaribia, akatembea kwa mwendo wao. Hakuwatangulia akawaacha nyuma. Mtu peke yake anashindwa na kitanda asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Lakini akijua kwamba ndugu anamngoja mlangoni saa kumi na mbili, ataamka.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia ifanye hivi: baada ya maombi ya asubuhi, kila mgonjwa apewe mwenzake mmoja, mzima au mgonjwa kama yeye. Watembee pamoja, mwenye nguvu afuate mwendo wa mnyonge. Asiyeonekana siku mbili, mwenzake aende kubisha hodi. Mama zetu wanajua kuitana kwenda shamba; waitane vilevile kwa ajili ya afya. Hakuna mchango unaoombwa, ila miguu na saa nusu.

Ndugu mgonjwa, pengine mwiba utabaki mpaka mwisho. Sisi hatukuahidi kwamba utatoka kesho. Lakini leo mkate upo, na njia ipo mbele ya mlango wako. Simama, funga viatu, mwite jirani.

Bwana atembee pamoja nanyi. Amina.