Kura Halali, Watu Nje ya Ukuta

Mji wa Diamond City umejengwa ndani ya uwanja wa besiboli. Uwanja wenyewe ni Fenway Park wa Boston, ambao upo kweli na unatumika hadi leo. Lakini katika gemu ya Fallout 4, iliyotoka mwaka 2015, dunia iliteketea kwa mabomu ya nyuklia mwaka 2077, na zaidi ya miaka mia mbili baadaye kuta za uwanja huo ndizo zinazowakinga watu dhidi ya majambazi na viumbe wa magofuni. Wenye pesa wanaishi juu, kwenye majukwaa ya watazamaji. Wasio nazo wamebanana chini, palipokuwa na nyasi za kuchezea. Kuna soko, kuna shule, kuna gazeti. Na kuna meya anayechaguliwa kwa kura.

Mwaka 2282, kwa kalenda ya gemu hiyo, McDonough aligombea umeya kwa ahadi ya kuwatoa maghuli mjini. Maghuli ni binadamu walioathiriwa na mionzi: ngozi zimenyauka, sura zinatisha, umri wao umerefuka kupita kiasi, lakini wengi wao wana akili timamu na walikuwa majirani wa watu. McDonough akashinda. Wakazi wakawaswaga maghuli hadi langoni, familia nzima nzima, wakawatupa kwenye magofu ambako wengi hawakudumu. Ndugu yake mwenyewe, anayejulikana baadaye kwa jina la Hancock, alimwendea kumsihi asitishe. Hakusikilizwa.

Hakuna mahali gemu inaposema kwamba kura ziliibwa. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Msomaji wa Kiswahili ameusikia mara nyingi msemo wa wengi wape, na ni msemo wenye hekima yake, kwa kuwa wengi wasipopewa hujitwalia. Diamond City wengi walipewa walichotaka. Utaratibu ulifuatwa, na matokeo yake yalikuwa kuwapeleka watu wasio na hatia kwenye kifo.

Hadithi inampa mchezaji njia rahisi ya kujinasua. Baadaye inafichuka kwamba meya McDonough si binadamu bali ni mtu wa kutengenezwa, kibaraka wa wanasayansi waliojificha chini ya ardhi. Ni ufichuzi wa kusisimua, lakini kimaadili unapotosha, kwa sababu unamhamishia mvamizi lawama ambayo sehemu yake kubwa ni ya wapiga kura. Waliofungua lango na kuwasukuma majirani zao nje walikuwa binadamu halisi, na walifanya hivyo mchana kweupe.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba watu wale walikuwa na chuki, na kura haiponyi chuki. Ni kweli, lakini halitoshi. Mfululizo huohuo wa Fallout una demokrasia nyingine, iliyo kubwa zaidi na yenye watu wema zaidi, ambayo inaonyesha kwamba dhuluma inaweza kufanyika bila chuki nyingi. Demokrasia hiyo ni Jamhuri Mpya ya California.

Katika gemu ya kwanza, iliyotolewa na Interplay mwaka 1997, jamhuri hiyo bado ni kijiji cha nyumba za udongo kiitwacho Shady Sands. Wakazi wake wametoka katika handaki namba 15, mojawapo ya mahandaki yaliyowahifadhi watu wakati wa vita. Kutoka handaki hilohilo kulitokea pia genge la wanyang'anyi waliojiita Khan. Mzee wa kijiji, Aradesh, ana binti anayeitwa Tandi. Akina Khan wanamteka, na mchezaji anaweza kumkomboa. Katika gemu ya pili, ya mwaka 1998, Tandi ni bibi kizee na rais wa dola yenye bunge, sheria na marufuku ya utumwa. Kufikia Fallout: New Vegas, gemu iliyotengenezwa na studio ya Obsidian mwaka 2010, dola hiyo imevuka jangwa hadi Nevada na imelishika Bwawa la Hoover kwa ajili ya umeme na maji.

Hakuna dola nyingine pale inayoikaribia kwa ubora. Mbele yake lipo jeshi la mtawala aitwaye Caesar, linalosulubisha watu na kuwafanya wanawake mateka. Ukiweka vitu viwili hivyo kwenye mizani, hakuna wa kusita. Ndiyo maana wachezaji wengi huitetea jamhuri hiyo kwa hoja moja tu: kwamba upande wa pili ni mbaya zaidi. Lakini taifa linalojipima kwa adui aliye katili kuliko wote haliwezi kuona kosa lake lolote, maana kila kosa litaonekana dogo.

Kosa kubwa kuliko yote linaitwa Bitter Springs. Mwaka 2278, baada ya mashambulizi ya akina Khan dhidi ya walowezi wa jamhuri, jeshi liliizingira kambi yao. Wadunguaji waliwekwa juu ya korongo, wakitarajia wapiganaji watoroke kupitia hapo. Waliotoka walikuwa wazee, wanawake na watoto. Wadunguaji wakauliza kwa redio. Jibu likaja kwamba waendelee kufyatua hadi risasi ziishe. Mmoja wao, Boone, ndiye ambaye mchezaji anamkuta miaka mitatu baadaye akilinda kijiji cha Novac usiku, akiwa amebeba jambo asiloweza kulisema. Gemu haionyeshi mahakama iliyowahi kuketi kulisikiliza. Waliouawa walikuwa wazao wa watu waliotoka handaki moja na waasisi wa jamhuri, lakini hawakuwa raia, na mbunge hapotezi kiti kwa damu ya mtu asiyempigia kura.

Mauaji ya namna hiyo yana historia katika nchi halisi inayochorwa na gemu hiyo. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, Colorado, wanajeshi chini ya Kanali John Chivington waliwaua Wacheyenne na Waarapaho wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kapteni Silas Soule aliwakataza askari wake wasifyatue. Akaandika barua kueleza alichokiona, akatoa ushahidi, na mwaka 1865 akauawa kwa risasi mtaani Denver. Chivington hakuadhibiwa na mahakama yoyote. Marekani ya wakati ule ilikuwa na katiba na bunge, na wiki tatu tu kabla ya mauaji hayo ilikuwa imefanya uchaguzi wa rais katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Umwagaji damu si sura pekee ya kasoro hii ya kutowahesabu wasio raia. New Vegas ina visa vidogo ambavyo, kwa fikra, ni vizito kuliko risasi. Katika mtaa wa Freeside, watu wanalala njaa huku askari wa jamhuri wakigawa chakula karibu nao, lakini kwa raia wa jamhuri peke yao. Meja Kieran, anayesimamia mgao huo, si mkatili. Alituma mjumbe kwa akina Kings, vijana wanaotawala mtaa, ili washirikiane. Mjumbe akapigwa vibaya na mmoja wao, ambaye akaficha habari hiyo kwa mkubwa wake. Basi meja akarudi kwenye kanuni: chakula ni cha walipa kodi, na kiende kwa watu wa walipa kodi. Kiutawala, nani atamlaumu? Lakini mtoto wa Freeside mwenye njaa hana ofisi ya kupeleka malalamiko, maana serikali inayomnyima chakula haikubali hata kwamba ni serikali yake.

Mashambani kuna kisa cha koplo White. Wakulima walioletwa kutoka California wanalima mashamba ya jamhuri na maji hayatoshi. Koplo anafuatilia mabomba, anagundua kwamba maji yanaelekezwa kwa siri Westside, mtaa wa maskini wasio raia, ambao nao wamelima mboga kwa ushirika. Anayeelekeza maji hayo ni Tom Anderson, mtu wa chama cha kutoa misaada. Anderson anamuua koplo ili siri isitoke. Mchezaji anaachiwa aamue: amfichue muuaji na watu wa Westside wakose maji, au amfiche na haki ya marehemu ipotee. Waandishi wa gemu walistahili kusifiwa kwa hili kuliko walivyosifiwa. Wangeweza kumfanya Anderson shujaa. Badala yake wameonyesha mahali wema unapofikia pale ambapo njia ya halali imezibwa: watu wa Westside hawana mjumbe wa kuwaombea maji bungeni, kwa hiyo maji yanaibwa, na mwizi mwenye nia njema anaishia na damu mikononi.

Maji yenyewe ni ya Mto Colorado, na hapa gemu imeugusa mgogoro wa kweli. Mwaka 1922, majimbo saba yalitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto huo. Wajumbe walikuja, wakabishana kwa miezi, wakakubaliana. Kwa kipimo cha majimbo ulikuwa mkataba wa hiari. Mataifa ya wenyeji yaliyokuwa yakiishi kando ya mto karne nyingi kabla ya majimbo hayo hayakualikwa. Wengi wa wenyeji hao hawakuwa hata raia. Sheria ya kuwapa uraia wote ilipitishwa mwaka 1924, na katika jimbo la Arizona walizuiwa kupiga kura hadi mwaka 1948. Bwawa la Hoover lilijengwa kati ya mwaka 1931 na 1936 juu ya msingi wa mkataba huo. Mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mkataba wa 1868 kati ya serikali ya nchi hiyo na Wanavajo hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji.

Wanafalsafa wa siasa wamelikabili tatizo hili kwa muda mrefu. Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha mwaka 1942, aliona kwamba kila jamii iachiwe iamue yenyewe ni nani wanahesabiwa kuwa umma. Robert Dahl akamjibu kwamba kwa mtindo huo hata kikundi kidogo kinachotawala mamilioni kinaweza kujiita demokrasia, mradi wanachama wake wanapigiana kura wao kwa wao. Jibu la Dahl ni zito. Swali la nani ahesabiwe haliwezi kuamuliwa kwa kura, maana kabla ya kupiga kura ni lazima kwanza ijulikane nani anapiga. Lango la Diamond City lilikuwepo kabla ya sanduku la kura.

Wapo watakaouliza kama kila anayeguswa na uamuzi apewe kura. Je, hata wafuasi wa Caesar, wanaosulubisha watu? Ni swali la haki, na anayeidharau hatari ya maadui hajawahi kuwa na maadui. Lakini kura si kitu pekee ambacho binadamu anadai kwa binadamu mwenzake. Yupo anayestahili kusikilizwa kabla bomba lake halijafungwa, na yupo anayestahili kwamba atakapouawa kwa makosa, mtu aitwe kujibu. Mambo hayo hayahitaji uraia. Jamhuri Mpya ya California ingeweza kuyatimiza kesho asubuhi bila kumpa Caesar hata kiti kimoja bungeni. Kutoyatimiza kunairudia yenyewe: akina Khan walionusurika Bitter Springs, wakiwa hawana mahali pa kudai haki, wanamwelekea Caesar kutafuta muungano.

Hata ndani ya jamhuri wapo wanaoliona hili. Hanlon, mkuu wa askari wa doria na mpiganaji mashuhuri, anaamini kwamba vijana wanakufa jangwani kwa faida ya matajiri wa mifugo waliolishika bunge. Halisemi hadharani. Badala yake anaghushi taarifa za kijasusi, akitumaini hofu italirudisha jeshi nyumbani. Kwa hiyo anayewapenda askari wake kuliko wote anawadanganya, na wengine wanateseka kwa hofu ya adui asiyekuwepo. Ni mhusika wa kuhuzunisha, na ni kosa kumfanya mtakatifu. Demokrasia inayoendeshwa kwa uongo wa watu wema imeshawaondoa raia kwenye uamuzi kama inavyofanya ile inayoendeshwa kwa uongo wa wabaya.

Kasoro moja gemu hizi haziwezi kuikwepa, nayo imo katika umbo lake. Mchezaji wa New Vegas ni tarishi tu. Hana cheo wala jimbo, na hakuna anayempigia kura. Lakini yeye ndiye anayeamua bwawa liende kwa nani. Frostpunk 2, gemu ya Kipolandi ya mwaka 2024 kuhusu jiji lililozingirwa na barafu, imejaribu njia tofauti: kuna baraza la wajumbe mia, sheria nyingi zinahitaji kura 51, na mchezaji ni msimamizi anayelazimika kubembeleza makundi na kutoa ahadi atakazodaiwa. Hapo walau anaonja uchungu wa kunyimwa kura. New Vegas inatoa miisho minne mikuu: jamhuri, Caesar, tajiri aitwaye House, au jiji huru chini ya tarishi mwenyewe akilindwa na jeshi la roboti. Wachezaji wengi huupenda huo wa mwisho na kuuita uhuru. Hata katika uhuru huo, hakuna nafasi ambapo watu wa Freeside, Westside au akina Khan wanaulizwa wanataka kutawaliwa na nani.