Imani Haipatikani kwa Amri

Je, raia asiyewasadiki maafisa wa afya wakati wa maradhi makuu, ana hatia? Wengi hujibu upesi kwamba huo ni ujinga. Sisi twaona swali hili lataka kupimwa pande zote mbili.

Mwezi wa Mei 2020, hesabu zilipofikia wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, zikakoma kutangazwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Juni tukaambiwa nchi imepona. Lakini ng'ambo ya mto Songwe, tarehe 12 Januari 2021, mawaziri wawili wa Malawi walikufa siku moja kwa ugonjwa huo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na raia wakaitwa wamfuate. Mkulima wa Makwale, huko Kyela, akiuliza, "Jana mlisema haupo, leo mwaniitia chanjo yake?" yafaa ajibiwe, wala asikemewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na aliyefichwa ndiye azikwaye. Afisa asemaye leo, "Jambo hili bado hatulijui," kesho atasadikiwa asemapo, "Hili twalijua."

Hata hivyo, raia naye ana wajibu wake. Aliyenyimwa habari ana haki ya kuuliza, lakini hana haki ya kueneza uvumi asioupima. Kumshuku aliyenyamaza si sababu ya kumsadiki kila apigaye kelele. Maana jirani aweza kufa kwa uvumi kama afavyo kwa ukimya.