Nyumba ya Mama Inavuja



Katika Kitabu cha Nehemia upo mlango ambao wasomaji wetu wa kanisani hawaupendi. Ni mlango wa 3. Umejaa majina magumu, fulani mwana wa fulani, na baada yake fulani mwana wa fulani, na kazi yao wote ni ile ile: walijenga, walitengeneza, walitia milango na makomeo. Mtu akipangiwa kuusoma mbele ya watu hutokwa na jasho. Hata hivyo nawaombeni mwusome nyumbani, polepole, maana sijui mlango mwingine katika Biblia uonyeshao wazi namna hii jinsi jengo la zamani linavyotengenezwa na ndugu na majirani.

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka siku nyingi, na malango yake yameteketea kwa moto. Nehemia alifika kutoka Shushani yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, akiwa na ruhusa ya mfalme na barua ya kupewa miti. Lakini tazameni ni watu gani walioshika kazi. Eliashibu kuhani mkuu alianza, yeye na makuhani wenzake, wakajenga Lango la Kondoo. Akaja mfua dhahabu. Akaja mtengeneza manukato, ambaye mikono yake bila shaka haikuzoea mawe. Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, alikuja pamoja na binti zake. Wafanya biashara walikuwapo. Na wengi katika hao walitengeneza pale palipokabili nyumba zao wenyewe. Yuko mmoja, Meshulamu, ambaye imeandikwa kwamba alitengeneza mbele ya chumba chake. Labda chumba ndicho alichokuwa nacho.

Wakuu wa Tekoa ndio waliokataa kuinamisha shingo. Watu wao wadogo walifanya sehemu yao, kisha wakaongeza ya pili. Mwandishi hakuwalaumu wakuu wale kwa maneno mengi. Aliandika tu kwamba hawakufanya, na sasa ni zaidi ya miaka 2,400 watu wanasoma.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu ya nyumba za wazazi wetu. Kiangazi hiki kitapita, na mwezi wa Machi masika yatatukuta. Piteni katika vijiji vyetu siku ya pili baada ya mvua kubwa mtazame. Mtaona nyumba ambayo zamani ilipokea wageni wa Krismasi na wa kipaimara, leo fito zimetoka nje kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Ndani yumo mama wa miaka sabini na zaidi. Usiku mvua ikinyesha huamka, huburuta kitanda mpaka pembe kavu, hutega debe hapa na sufuria pale, kisha hukaa macho akisikiliza kipi kimejaa. Mama huyu anao watoto sita. Watatu wako Dar es Salaam, mmoja Mombasa, na wawili wako hapa hapa, mwendo wa dakika kumi.

Sisemi kwamba watoto hawa hawampendi mama yao. Wanampenda. Kila mmoja anajenga kwake, ana pagale lake lililosimama bila paa likingojea fedha. Na juu ya nyumba ya mama, kila mmoja anasema moyoni: nikitia fedha zangu pale, kesho itakuwa ya nani? Basi hakuna atiaye. Twaijua sote ile methali ya ufa na ukuta, na vijana hupenda kuwaambia wazee. Lakini bibi huyu aliijua kabla hatujazaliwa. Kinachomshinda ni kupanda ngazi.

Sasa tuseme watoto wamekubaliana kuja. Waanzie wapi? Nehemia alipofika alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache akauzunguka ukuta, asimwambie mtu neno. Alitazama kwanza. Sisi mara nyingi tunafika na saruji mifuko mitano kabla hatujajua nyumba inaumwa nini.

Mwulizeni mama. Yeye anajua maji yanaingilia wapi, maana amelala chini yake. Ingieni ndani mchana wa jua kali, fungeni milango na madirisha, mtazame juu: kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Mengi yatakuwa penye misumari, kwa sababu mti ulio chini umeoza na msumari umelegea. Kupigilia msumari mwingine papo hapo ni kazi bure mpaka mti ule ubadilishwe. Bati kuukuu msiligeuzegeuze na kulirudisha juu ya chumba cha kulala, kwa kuwa matundu yake ya zamani hayatakutana na miti mipya. Lipelekeni jikoni au kwenye uzio. Halafu zigongeni nguzo. Iliyoliwa na mchwa hulia kama ngoma, na kisu huingia bila kusukumwa. Nguzo kama hiyo isitolewe kabla ya kuushikiza mwamba kwa miti mingine pande zote mbili, maana wapo waliong'oa nguzo mbovu moja wakateremsha paa zima.

Paa likiisha kuziba ndipo mje kwenye kuta. Hapa naomba niseme neno juu ya saruji, ingawa fundi fulani ataniona naingilia riziki yake. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa. Huvimba kidogo wakati wa mvua, hunywea wakati wa jua. Saruji haifuati mwendo huo. Ukiupiga ukuta wa udongo lipu ya saruji, mwaka wa kwanza utapendeza na majirani watakusifu. Kisha lipu hupasuka, maji huingia katika ufa yakakaa nyuma yake yasipate pa kutokea, na siku moja kipande kizima huanguka pamoja na udongo wake. Hata katika nyumba za mawe na chokaa za Pangani na Unguja saruji imefungia unyevu ndani vivyo hivyo. Wazee wetu waliloweka udongo tangu jana yake, wakaukanyaga pamoja na majani makavu yaliyokatwa, wakakandika mara ya kwanza, wakaacha ukauke na kupasuka, kisha wakakandika mara ya pili kuziba zile nyufa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji miguu mingi, na maji mengi.

Ndiyo maana tunao msaragambo. Siku moja ya watu ishirini hufanya kazi ambayo fundi mmoja ataifanya wiki tatu. Vijana hupanda juu, wazee hukaa chini ya mwembe wakichonga na kukosoa, akina mama wa Umoja huteka maji na kukanyaga udongo, na watani hawakosi kuja kusema kwamba nyumba imepinda kwa kuwa mwenyewe amepinda. Watoto wapewe kuokota misumari ya zamani. Binti za Shalumu wanatufundisha kwamba hakuna haja ya kuuliza kazi hii ni ya nani, ya wanaume au ya wanawake. Chakula, hata hivyo, asitwishwe mjane. Nimeona mama akiuza kuku wake wa mwisho ili awalishe watu waliokuja kumsaidia. Kila anayekuja aje na unga wake au maharage yake, yapikwe chungu kimoja.

Neno jingine dogo. Nyumba ile ni yake. Mnapotoa vitu nje, msitupe kinu kwa kuwa kimepasuka, wala msiyahamishe mafiga yake bila kumwuliza. Dirisha mnalotaka kulipanua kwa ajili ya hewa, pengine ndipo alipokaa mumewe alipokuwa mgonjwa. Mwulizeni. Akisema liachwe, liachwe.

Lakini yote hayo ni mepesi. Jambo zito liko katika mlango wa 5.

Katikati ya kazi, ukuta haujaisha, kilio kikatokea. Hawakuwalilia maadui wa nje, Sanbalati na Tobia. Waliwalilia ndugu zao. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao, hao hao waliokuwa wakiinua mawe pamoja nao mchana. Mkono mmoja ulijenga, mwingine ulichukua. Nehemia alikasirika sana. Akawakusanya wakubwa, akawaambia warudishe siku ile ile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba. Walipokubali hakuridhika na neno la mdomo. Aliwaita makuhani, akawaapisha, akakung'uta nguo yake mbele yao.

Kwetu huwa hivi. Ndugu watano wanatengeneza nyumba ya mama. Mkubwa, mwenye kazi ya mshahara, ananunua mabati thelathini. Wa pili analeta miti. Dada wawili hawana fedha; wanakanyaga udongo siku nne na kuteka maji kutoka bondeni. Mdogo ni fundi, anaezeka bila kulipwa. Siku ya kumaliza wanaimba, wanaomba, padre anakuja kubariki. Miaka mitatu baadaye mama anafariki, na kabla ya arobaini kwisha kaka mkubwa anatoa stakabadhi za mabati mfukoni. Nyumba ni yangu, anasema, mimi ndiye niliyeiezeka. Dada aliyeachika, ambaye alikuwa akilala na mama na kumwosha, anaambiwa atafute pa kwenda. Ana stakabadhi gani yeye? Nani atoaye risiti ya ndoo za maji?

Nimeitwa katika kesi za namna hii zaidi ya mara moja, na wazee wa Kanisa wanajua kwamba sitii chumvi. Ndugu hao wote ni wakomunikanti. Tunapopeana amani kabla ya sadaka hupitana kama watu wasiojuana. Bwana wetu alisema kwamba mtu aletaye sadaka akikumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu aende kwanza akapatane. Sijaona mtu akiacha bahasha yake akatoka. Labda tungeanza.

Fungueni pia Injili ya Marko, mlango wa 12. Bwana Yesu anawaonya watu juu ya waandishi ambao hula nyumba za wajane, huku wakisali sala ndefu. Na mara baada ya maneno hayo, pasipo kitu katikati, anakuja mjane maskini akatia senti zake mbili katika sanduku la hazina. Tumezoea kuhubiri habari ya senti zile Jumapili ya mavuno, tukaisahau ile nyumba iliyoliwa. Mimi naziona kuwa habari moja. Aliyetia vyote alivyokuwa navyo alikuwa mmoja wa wale ambao wengine walizikodolea macho nyumba zao.

Kwa hiyo, kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, jamaa wakae. Mama awepo, na jirani mmoja au wawili wa kusikia. Kila mmoja aseme anacholeta, na aseme ni zawadi au ni mkopo. Kama ni mkopo, na utajwe kiasi gani na utalipwaje. Kukopesha si dhambi. Kama ni zawadi, imekwisha kuwa ya mama, wala haina mtoto atakayezaliwa baadaye. Iandikwe katika daftari: mabati thelathini, miti kumi na miwili, siku nne za kukanyaga udongo, siku sita za kuezeka. Ndiyo, siku za kazi ziandikwe pamoja na mabati, katika ukurasa ule ule. Na mama aseme mbele ya wote, angali mzima na akili zake timamu, ni nani atakayekaa ndani ya nyumba hiyo akiisha yeye kulala. Wengine wataona ni vibaya kutaja kifo cha mzazi mbele yake. Mimi nimeona ambavyo huwa pasipotajwa. Mama wengi niliowauliza walikuwa na jibu siku nyingi. Walikuwa wakingojea kuulizwa.

Nehemia mwenyewe alikuwa liwali miaka kumi na miwili, wala hakula chakula alichostahili kupewa kwa cheo hicho, kwa sababu watu walikuwa na mzigo mzito. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Katika mtaa wetu wazee wa Kanisa wamehesabu nyumba saba za wajane zisizoweza kupita masika haya. Tutaanza na ile iliyo nyuma ya shule, Jumamosi ya pili ya Februari, baada ya Ekaristi ya asubuhi. Barua zimekwisha kupelekwa kwa watoto wake wote, walio mbali na walio karibu, nao wameombwa wafike Ijumaa jioni kwa ajili ya kikao cha daftari. Mwenye ngazi alete ngazi. Madebe yanatakiwa angalau kumi na tano, na mtu mwenye msumeno usiotafuna miti. Mama mwenyewe ameomba jambo moja tu, kwamba mlango wa mbele urudishwe mahali pake ulipokuwa zamani, unapotazama njia.