Harufu Mbaya Yenye Kheri Ndani Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Sisi watu wa pwani ni watu wa manukato. Nyumba zetu hufukizwa udi, nguo za Ijumaa hutiwa marashi, na arusi haiwi arusi bila ya asumini. Jambo hili lina asili katika dini, kwani Mtume wetu (s.a.w.) alipenda manukato, na alimkataza aliyekula kitunguu thomu au kitunguu maji kuukaribia msikiti, asije akawaudhi wenziwe na Malaika. Basi huenda msomaji akastaajabu akiambiwa kwamba iko harufu mbovu, ya jamaa hiyo hiyo ya vitunguu, ambayo yatupasa tumshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Nayo ni harufu ya gesi iliyo jikoni mwetu. Twataka kueleza harufu hii imetoka wapi, kwani ndani yake mna ilimu, na mna mas'ala ya dini, na wengi wetu tumeghafilika na yote mawili.

Kwanza yafaa tujue gesi yenyewe ni nini. Zamani sana, mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu, vijimea na vijidudu vidogo vya baharini vilikuwa vikifa na kuzama chini, vikafunikwa na tope. Tope likarundikana juu ya tope mpaka likawa jiwe. Vilivyozikwa chini yake, kwa kukosa hewa na kwa joto la ardhi na uzito wa mawe, vikageuka vikawa mafuta na gesi. Gesi ni nyepesi, hupanda ikipenya katika vitundu vya mawe mpaka ikutane na jiwe gumu lisilopenyeka, ikazuilika hapo mpaka mtu aje aichimbe. Na uhai wa viumbe vile ulitokana na mwangaza wa jua. Basi mtu awashapo gesi leo, hupika kwa joto la jua lililowaka kabla hajaumbwa Baba yetu Adam. Nasi twakumbuka jinsi Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Yasin, anavyotutanabahisha kwamba Yeye ndiye atoaye moto katika mti mbichi, ili tujue kwamba kufufua wafu si kazi nzito Kwake.

Kuna mahali ambapo gesi hii hutoka yenyewe katika nyufa za ardhi na kuwaka, moto usio na kuni wala mafuta. Watu walipokuwa hawajui sababu yake, walifanya waliyoyafanya. Karibu na mji wa Kirkuk, katika Iraq, uko moto wa namna hii uitwao Baba Gurgur, na wako wanawake waliokuwa wakiuendea ili wapate watoto wa kiume. Na huko Surakhani, karibu na Baku, lilijengwa hekalu juu ya moto kama huo, na mahujaji wakawa wakisafiri toka Bara Hindi kwenda kuuabudu. Lakini gesi ilipochimbwa sana pande zile ilipungua chini ya ardhi, na mwaka 1969 moto ule ulioitwa wa milele ukazimika. Leo huwashwa kwa gesi iletwayo kwa bomba. Mwenye akili na azingatie: kilichoabudiwa kimekwisha, na aliyekiumba angaliko.

Wengine waliitumia neema hii kwa manufaa. Wachina wa nchi ya Sichuan, karne nyingi zilizopita, waliipitisha gesi katika mabomba ya mianzi, wakachemshia maji ya chumvi. Na jirani zetu wa Tanzania waliivumbua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, upande wa Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 huenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, ikazungusha mitambo ya umeme na kutumika katika viwanda. Gesi hii hutengenezewa mbolea pia, na magari na bajaji huendeshwa kwayo. Hiyo ndiyo iitwayo gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani.

Ama gesi ya mitungi tuitumiayo sisi, huletwa kwa meli na kupakuliwa Mombasa, nayo ni ndugu wa ile. Hiyo ni propani na butani, ambazo hupatikana katika visima vya gesi na katika kusafishwa mafuta, zikashindiliwa mpaka zikawa maji ndani ya chuma. Tofauti yao yataka ishikwe sana. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka sakafuni, ikatambaa kama maji, ikapita chini ya mlango na kutulia pembeni ikingoja cheche.

Sasa tuje kwenye harufu. Gesi asilia iliyosafishwa haina harufu, na hii ya mitungi nayo kwa asili yake karibu haina. Hewa ya mauti ingeweza kukijaza chumba, na mwenye nyumba amekaa asihisi neno. Harufu tuijuayo, mfano wa yai viza au kabichi iliyooza, imetiwa na watu makusudi. Ni dawa yenye salfa ndani yake, kama ilivyo katika vitunguu, na tone dogo la dawa hiyo lanusika katika hewa nyingi mno. Mwenyezi Mungu ameiumba pua ya mwanadamu iwe kali zaidi kwa harufu za namna hii.

Na kisa cha watu kushika jambo hili kwa nguvu ni kisa cha msiba. Katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas, Marekani, palikuwa na skuli nzuri, iliyojengwa katikati ya visima vya mafuta, na wenyewe hawakuwa maskini. Lakini wakuu wa skuli, kwa kutaka kupunguza gharama, waliacha gesi ya kununua, wakaunga bomba lao kwenye gesi iliyobaki katika kazi ya mafuta, ambayo ilikuwa haina harufu. Gesi ikavuja ikajaa chini ya jengo, na hakuna aliyejua. Alasiri ya Alkhamisi, tarehe 18 Machi 1937, mwalimu mmoja alifungua mashine ya umeme ya kusugulia mbao, ikatoka cheche, na skuli ikanyanyuka na kuanguka juu ya waliokuwamo. Walikufa watu karibu 300, na wengi wao walikuwa watoto. Mwaka huo huo Texas ikaweka sharti kwamba gesi itiwe harufu, na nchi nyingine zikashika njia hiyo.

Basi, ndugu zetu, harufu ile tunayoikunjia uso ina thamani kubwa. Waliotutilia wametufikishia onyo, na sasa limebaki kwetu sisi. Mwenye kuonywa akapuuza hana hoja mbele ya watu, wala mbele ya Mola wake.

Nasi tunalipuuzaje? Kwa njia tatu tunazoziona majumbani mwetu.

Ya kwanza ni kuificha. Nyumba ikinuka vibaya, desturi yetu ni kutia makaa katika chetezo na kufukiza udi. Desturi hii ni njema mahali pake, lakini harufu ikiwa ya gesi, mwenye kuleta chetezo ameleta moto kwa mkono wake penye gesi iliyotambaa sakafuni. Amemziba mdomo mwonyaji, kisha akamfungulia mlango adui.

Ya pili ni kuizowea. Pua ina tabia moja: ikikaa na harufu kwa muda, huacha kuinusa. Mtu huingia jikoni akaisikia, akasema nitatazama baadaye, akaendelea na kazi yake, na baada ya kitambo akasema imekwisha. Haikwisha. Iliyokwisha ni hisia yake. Ndiyo maana anayeingia kutoka nje hunusa yale wasiyoyanusa waliomo ndani, na mgeni akisema nyumba yenu yanuka gesi, tusimkasirikie. Hata moyo una tabia hii. Mtu hutenda dhambi mara ya kwanza akatetemeka, mara ya kumi akatulia, mara ya mia akadhani hakuna dhambi. Anayetuonya wakati huo ndiye ndugu wa kweli, ingawa neno lake ni chungu.

Ya tatu, nayo ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa huvishwa nguo ya dini, ni kusema: likiwa limeandikwa litakuwa. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini kadari haikuwa kamwe udhuru wa uvivu. Sayyidna Omar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham akaambiwa kwamba nchi ile imeingia tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba ndiyo, waikimbia kadari Yake kwenda kwenye kadari Yake. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku na watu wake wamo ndani, hakuwaambia sahaba zake kwamba yameandikwa wakanyamaza. Aliwafundisha kwamba moto ni adui, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Basi anayefunga mtungi wake usiku kwa kufuata amri hiyo, yumo katika kutii.

Mwenye kuisikia harufu ya gesi afanye hivi. Asiwashe kiberiti wala chetezo. Asiguse swichi ya umeme, si kuwasha wala kuzima, kwani cheche ndogo yatosha. Afunge mtungi ikiwa aweza kuufikia kwa salama, afungue milango na madirisha, awatoe watoto na wazee, na simu aipige akiwa nje. Kisha awaambie jirani, maana nyumba zetu za mji wa kale zimeegemeana, na ukuta mmoja ni wa watu wawili. Na kabla ya khatari, mtungi usimame wima, usitiwe kabatini wala pasipo hewa. Mpira wa gesi ukipasuka au kuwa mgumu ubadilishwe. Na ukitaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni utazame mapovu. Usijaribu kwa moto.

Pia tujue kwamba harufu hii haionyi kila jambo. Moto wa gesi, au wa makaa, ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, huweza kutoa hewa nyingine ya sumu isiyo na harufu kabisa, nayo huua mtu usingizini. Kwa hiyo dirisha na liwe wazi.

Lina neno pia kwa wafanyaji biashara. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Embakasi, Nairobi, gari lililojaa gesi lililipuka karibu na nyumba za watu. Wakafa watu, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Serikali ikasema kwamba maombi ya ruhusa ya kujazia gesi mahali pale yalikuwa yamekwisha kukataliwa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini pana unyevu uliofichwa, akasema kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Ikiwa hayo ni kwa nafaka iliyolowa, itakuwaje kwa anayeuza mtungi mbovu, au anayejaza mitungi kwa siri katikati ya watu waliolala? Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu, kwani shilingi chache tunazozitafuta kwa mjazaji wa uchochoroni ndizo zimwekazo pale. Wakuu wa ile skuli ya Texas nao walitaka kupunguza gharama tu.

Moto ni neema, na Mwenyezi Mungu ameutaja kuwa ni ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Shukrani ya neema ni kuitumia kwa akili na kutowadhuru kwayo wengine. Basi leo usiku, kabla ya kulala, kila mwenye nyumba na atie mkono kwenye mtungi wake ahakikishe umefungwa, kisha asome dua zake alale.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na za jirani zetu, awarehemu waliokufa kwa moto, na atujaalie tuwe wenye kusikia onyo kabla ya wakati wake kupita. Amin.