Shaka Usiyoiuliza Itaulizwa Usailini

Wewe uliyeliona jina lako kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili, nasema nawe. Umefurahi, na una haki ya kufurahi. Tangazo umeshawatumia wa nyumbani, nauli ya Dodoma umeanza kuichangisha. Vyeti halisi viko kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa, na majina umeyahakiki herufi kwa herufi, maana umesikia ya waliorudishwa mlangoni kwa sababu ya herufi moja. Bahasha umeikagua. Kichwa je, umekikagua?

Tuambiane ukweli, ndugu yangu. Kuna mambo unayataja kila siku na huyaelewi. Ugatuaji wa madaraka. Mfumuko wa bei. Mamlaka ya nidhamu. Mgawanyo wa mihimili. Uliyasikia chuoni, ukayaandika, ukayarudisha kwenye karatasi ya mtihani kama ulivyopewa, mhadhiri akakupa alama, mkaachana kwa amani. Yamebaki mdomoni, hayajashuka. Na hili huhitaji kuambiwa na mtu: unaujua ule ukurasa wa madesa ambao kila ukiufikia macho yanaruka mistari miwili, unaendelea mbele, unajiambia huu nitaurudia. Hukuurudia. Hutaurudia usiku wa kuamkia usaili. Urudie leo!

Mtunzi wa maswali ya mchujo anaujua ukurasa huo kuliko unavyoujua wewe. Majibu manne anayokupangia hayakuokotwa njiani. Moja ni sahihi, na angalau mawili yametengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeelewa nusu. Asiyejua kabisa anaweza kubahatisha akapata. Aliyeelewa nusu anakwenda moja kwa moja kwenye mtego, tena anatoka chumbani akitabasamu.

Chukua swali jepesi. Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu ngapi? Watu wanakimbilia wabunge wa majimbo, wa viti maalumu, wa kuteuliwa, wanaanza kuhesabu vidole. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema sehemu mbili: Rais na Wabunge. Utasema, sawa, nimekariri. Subiri kidogo. Umejiuliza Rais anafanya nini ndani ya Bunge, na yeye ndiye mkuu wa Serikali? Hapo ndipo shaka ilipo, na hapo ndipo faida ilipo. Muswada ukipitishwa na wabunge bado si sheria; unangoja kibali cha Rais, kwa sababu chombo kinachotunga sheria hakijakamilika mpaka sehemu zake zote mbili zifanye kazi yake. Ukilielewa hilo, swali la ibara ya 62 umelijibu, la kibali cha Rais umelijibu, na yule wa jopo atakayekuuliza kama mihimili yetu imetengana kabisa utamtazama usoni na kumjibu. Aliyekariri ana jibu moja kwa swali moja. Likigeuzwa kidogo tu, amekwisha.

Sasa njoo kwenye mfumuko wa bei, maana hapa wameanguka wengi, wakiwemo wenye shahada za uchumi. Redio inatangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Mama anayesikiliza jikoni anacheka kwa uchungu: umeshuka wapi, na unga jana nimenunua kwa bei ya juu kuliko ya mwaka jana? Mhitimu anayejiandaa na usaili anakuwa na njia mbili mbaya. Ama anamwona mama hajui kitu, ama yeye mwenyewe anaona Serikali inadanganya. Shaka hiyo ingefukuliwa kwa hesabu ya dakika mbili. Kapu la bidhaa lililokuwa shilingi 100,000 likipanda kwa asilimia 5, linakuwa 105,000. Mwaka unaofuata mfumuko ukiwa asilimia 3, kapu lile lile linakuwa 108,150. Bei imepanda tena! Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Ili bei kwa ujumla zishuke, mfumuko ungepaswa kwenda chini ya sifuri. Halafu kumbuka kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima kapu zima, chakula, nauli, kodi ya pango na mengine. Nyanya zinaweza kupaa huku wastani umetulia. Kwa hiyo mama jikoni anasema kweli, na redio imesema kweli. Ni wewe uliyekuwa hujaelewa, na si aibu. Aibu ni kupita miaka mitatu ya chuo ukilibeba neno hilo bila kumuuliza mtu.

Na utumishi wenyewe unaouombea, unaujua? Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, umewahi kuifungua? Wapo wanaoingia kwenye usaili huku Sekretarieti ya Ajira na Tume ya Utumishi wa Umma kwao ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Sekretarieti ndiyo inayotangaza nafasi, inayokusaili na kukupangia kituo. Tume ndiyo inayosikiliza rufaa za watumishi walioadhibiwa na mamlaka zao za nidhamu. Mtumishi wa halmashauri akifukuzwa kazi na kuona ameonewa, rufaa yake inakwenda Tume, na asiporidhika huko inakwenda kwa Rais. Fuatilia safari hiyo moja tangu mashtaka hadi mwisho, nani anashtaki, nani anachunguza, nani anaamua, na utaona maneno kumi uliyokuwa umeyakariri yakijipanga yenyewe.

Madesa, jamani! Sisemi uyachome. Lakini mengine yamezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram tangu enzi zile mpaka hayajulikani baba yao. Bado yanakufundisha kupima utendaji kwa OPRAS kana kwamba watumishi hawajahamia PEPMIS. Bado yanakutajia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 na mfumo wa TANePS, wakati tuna sheria ya mwaka 2023 na mfumo wa NeST. Ukikuta desa linapingana na sheria, amini sheria. Katiba na sheria zetu zinapatikana mtandaoni bila malipo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na bando la kuzipakua ni dogo kuliko lile unalomaliza kwa video za usiku.

Unaulizaje, basi? Uliza kwa kuonyesha mahali ulipokwama. Usimwendee mtu ukasema sielewi uchumi. Atakuonea huruma na hatakusaidia. Sema: naelewa nakisi ya bajeti ni ya mwaka mmoja wa fedha, Julai hadi Juni, lakini sielewi inavyogeuka kuwa deni la taifa. Swali la namna hiyo limeshajijibu nusu. Kisha ukijibiwa, usiseme nimeelewa. Kila mtu husema nimeelewa. Mweleze mdogo wako wa kidato cha pili, kwa Kiswahili, bila daftari. Akikuuliza kwa nini, nawe ukaanza kurudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, bado hujaelewa. Rudi tena.

Najua kinachokuzuia. Ni ile shahada iliyotundikwa ukutani. Unaogopa wenzako kwenye kundi la kujisomea wataguna: huyu naye, na GPA yake yote? Waache wagune. Wanaoguna wengi hawajui, wanashukuru tu kwamba umeuliza wewe. Nanyi mnaojua, msimcheke anayeuliza, wala msifiche kitabu kwa kuogopa kwamba nafasi ni chache. Mtu mwelewa mkikutana kazini atakupunguzia mzigo, asiyeelewa atakuongezea.

Maana kuna siku utaitwa afisa. Muuguzi anayestaafu atakuja mezani kwako na makaratasi yake, atakuomba umweleze kikokotoo, kwa nini amepewa kiasi hiki na si kile alichokuwa akitarajia. Hatakupa majibu manne uchague. Mwalimu atataka kujua kwa nini wenzake wamepandishwa daraja yeye ameachwa. Ukimjibu kwa maneno ya desa ataondoka hajui, na atasafiri tena kilomita mia kuja kukuuliza jambo lile lile. Serikali ambayo watu wanailalamikia kwamba inazungusha, mara nyingi ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti na haelewi, na hataki kuonekana haelewi.

Basi leo usiku, kabla hujalala, chukua karatasi tupu. Andika mambo yale unayoyaruka kila ukisoma, bila kumwonea haya mtu yeyote, na mbele ya kila moja andika jina la mtu unayeweza kumuuliza au sheria inayolieleza. Kesho asubuhi anza na la kwanza. Mpigie simu.